Ndoo ya shemeji: nilimfuata kamba wa matope hadi Louisiana

Msomaji wangu, umewahi kutumwa kitu na shemeji yako ukarudi mikono mitupu? Basi mwenzako yamenikuta. Mpaka leo nikipita kwake Chekereni naangaliwa kama mtu aliyekula ada ya shule ya mtoto wa watu.

Mambo yenyewe yalianza hivi. Shemeji yangu, mume wa dada, ni mstaafu. Ana majaruba ya mpunga pale Chekereni, kwenye ule mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi waliotujengea Wajapani miaka ya 1980. Siku moja akiwa kijiweni akasikia habari iliyomnyima usingizi: kuna nchi huko Marekani watu wanavuna mpunga, wakishamaliza wanajaza maji shamba lile lile na kuvuna kamba. Shamba moja, mavuno mawili! Tena kamba wenyewe hawalishwi chochote. Na wa namna hiyo hiyo wako Naivasha, Kenya, safari ya siku moja tu kwa basi.

Wakati huo mimi nilikuwa najiandaa kwenda Houston, jimbo la Texas, kumtembelea mpwa wangu, yaani mtoto wake huyo huyo shemeji. Mzee akaniita pembeni.

"Shemeji, wewe ndiye macho yangu," akaniambia. "Nenda kanitazamie hao watu wanafanyaje. Halafu ukirudi, pitia Naivasha uniletee mbegu. Ndoo moja inatosha. Kiinua mgongo changu bado kipo, sijakigusa."

Hapo kwenye kiinua mgongo ndipo niliposikia uzito. Mzee hakuwa anatania.

Barabara ya kuelekea mashariki

Kutoka Houston ukishika barabara kuu ya I-10 kuelekea mashariki, ni kilomita 300 na ushei kufika Crowley, katika jimbo la Louisiana. Tulitoka alfajiri ya mwezi Aprili 2025, mpwa wangu akiendesha, mimi nikiwa na daftari mapajani kama karani wa sensa. Tukapita Beaumont, tukavuka Mto Sabine, tukaingia Louisiana. Kuanzia hapo nchi ikawa tambarare kabisa, meza tupu, kilima hata cha kusingiziwa hakuna.

"Mjomba, tazama kulia," mpwa akasema.

Nikatazama. Maji. Si ziwa, si mto, bali mashamba yaliyofurika yakiwa yamegawanywa kwa matuta, na juu ya maji vichwa vya mitego vimejipanga mstari, mamia kwa mamia. Pembeni yake, shamba jingine lilikuwa na mpunga mchanga wa kijani. Ndege weupe wenye miguu mirefu walikuwa wanatembea humo kwa madaha kama wakaguzi.

Nilidhani niko Chekereni. Tofauti ni kwamba huku jembe la mkono sikuliona hata moja.

Crowley ni mji wa mpunga hasa, na eneo lote hili la kusini magharibi mwa Louisiana ndilo kitovu cha ufugaji wa mnyama anayeitwa krofishi. Wenyewe kwa utani humwita mdudu wa matope, na mimi humu nitamwita kamba wa matope. Ana umbo la kamba koche, ila ni mdogo wa kutosha kukaa kiganjani. Ana magando mawili mbele, rangi nyekundu iliyoiva, na hasira isiyolingana na umbo lake. Maji yake ni ya mtoni na mabwawani, bahari haijui.

Louisiana peke yake hutoa zaidi ya asilimia 90 ya kamba hawa wanaofugwa Marekani, kwenye mashamba ya zaidi ya ekari 200,000. Wengine huvuliwa porini, katika bonde kubwa la kinamasi la Atchafalaya, lakini wale wa porini hutegemea mafuriko ya mto. Mto usipofurika vizuri masika, mvuvi analala njaa. Mfugaji yeye ana pampu na matuta.

Mzee na kalenda ya maji

Mpwa alikuwa anafanya kazi na kijana wa huko ambaye mjomba wake ni mkulima. Ndivyo tulivyopata mwenyeji. Mzee mwenyewe ni wa kabila la Wakejani, uzao wa wale Wafaransa waliofukuzwa na Waingereza kutoka Kanada kuanzia mwaka 1755. Kiingereza chake nusu nilikielewa, nusu nikamwachia mpwa.

Nilimuuliza swali la shemeji moja kwa moja: unawalisha nini?

Akacheka. Akainama, akachota tope lenye mabua ya mpunga yaliyooza, akanionyesha. Chakula chenyewe ndicho hicho.

Basi sikiliza msomaji, maana hapa ndipo penye ujuzi. Mpunga hupandwa Machi au Aprili. Ukishasimama vizuri na kina cha maji kimetulia, kati ya Aprili na Juni, mkulima huweka kamba wakubwa wa mbegu, kilo 25 hadi 35 hivi kwa ekari moja. Mara moja tu. Hawawekwi mapema, maana mpunga mchanga ni mboga kwao.

Kiangazi kikipamba moto, mpunga unapokaribia kuiva, maji hutolewa taratibu. Kamba wakiona maji yanapungua huchimba mashimo kwenye matuta, wanajifungia humo na unyevu wao. Huku juu mashine inavuna mpunga mwezi wa saba na wa nane kama vile hakuna kitu. Huko chini majike wanataga, mayai mamia kwa jike mmoja, wameyabeba chini ya mkia.

Baada ya mavuno, mabua yanaachwa. Hayachomwi. Yanapata mbolea kidogo, yanachipua tena. Halafu Oktoba, joto likishapungua, maji yanafunguliwa. Majike wanatoka mashimoni na watoto. Mabua yanaoza kidogo kidogo, vijidudu vinakula mabua, wadudu na konokono wanakula vijidudu, kamba wanakula wote. Kuanzia Novemba au Desemba mitego inaanza kuleta kitu, na ikifika Machi mpaka Mei ndiyo neema yenyewe. Halafu maji hutolewa tena, na mzunguko unaanza upya.

Umeiona hiyo? Mfugaji hanunui vifaranga kila mwaka kwa bwawa lile lile, hanunui chakula. Kazi yake kubwa ni kufungua na kufunga maji kwa wakati.

"Kwa hiyo ni pesa ya bure?" nikauliza.

Mzee akamtazama mpwa wangu kama anayeuliza huyu mjomba wako ametoka wapi. Halafu akaanza kunihesabia kwa vidole.

Hakuna cha bure, bwana

Kwanza ni hewa ya ndani ya maji. Ukifungua maji mapema, Septemba kukiwa bado joto, mabua yote huoza kwa mkupuo na kumaliza oksijeni. Utawakuta kamba wamepanda kwenye mabua, wamelala ubavu juu ya maji wakitafuta pumzi. Ukiona hivyo ujue umechelewa. Ndiyo maana mfugaji mzuri anasubiri baridi, anapima maji, na yakiharibika anayatoa na kuingiza mengine. Kina chenyewe si kirefu, inchi 8 hadi 18 tu, yaani kati ya muundi na goti.

Pili ni msongamano. Hapa ndipo wageni wanapoangukia pua. Unaweza kudhani kamba wakiwa wengi ndiyo faida. Kumbe wakizidi wanadumaa wote, unabaki na maelfu ya vidagaa vyenye magando visivyo na mnunuzi. Wafugaji wengi kwa hiyo huhamisha kamba: mwaka huu shamba hili, mwaka ujao shamba lile, na lile la kwanza linapumzika au linapandwa kitu kingine. Mitego nayo ina matundu ya waya ya inchi robo tatu hivi, wadogo wapite waende wakakue.

Tatu ni kazi. Nilipanda mashua yake. Mashua gani hiyo! Bati la alumini lenye gurudumu la chuma nyuma linalosukuma matopeni, dereva anaongoza kwa miguu ili mikono ibaki na mitego. Inapita kati ya mistari bila kusimama: anang'oa mtego, anaumwaga mezani, anatia chambo, anarudisha, na mtego wa pili umeshafika. Mitego 10 hadi 20 kwa kila ekari, mara tatu au nne kwa wiki, kwa miezi kadhaa. Chambo wakati wa baridi ni vipande vya samaki, joto likija wanatumia chambo cha kiwandani. Mafuta na chambo ndivyo vinavyokula pesa. Kwa hiyo mitego ikileta kidogo anapunguza siku za kuvua, hajitutumui.

Nne ni sumu. Kamba ni ndugu wa wadudu. Dawa inayoua mdudu wa mpunga inamuua na yeye. Mwaka 1999 wakulima wa huku walianza kutumia dawa mpya ya kupaka mbegu za mpunga dhidi ya funza wa mizizi. Wafugaji wakaona mabwawa yao yanakufa. Wakaenda mahakamani, na shauri likaisha mwaka 2004 kwa makubaliano ya kulipwa dola milioni 45. Tangu hapo mkulima mwenye kamba anamuuliza jirani yake kabla ndege ya kunyunyizia dawa haijaruka.

Tano ni mbingu. Kiangazi cha mwaka 2023 kulikuwa na ukame na joto la kutisha. Ardhi ilikauka mpaka mashimo ya kamba yakapasuka, wakafia humo humo na mayai yao. Msimu uliofuata mitego ikatoka mitupu, bei ikaruka, na Machi 2024 Gavana Jeff Landry akatangaza hali ya maafa kwa ajili ya kamba hawa. Pampu zilikuwepo, lakini udongo haukungojea.

Nikaandika yote. Mavuno yenyewe, msomaji, huanzia chini ya kilo 100 kwa ekari mwaka mbaya hadi zaidi ya kilo 400 mwaka mzuri. Na ukumbuke: katika kilo 100 za kamba hai, nyama utakayoipata ni kilo 15 hivi. Zilizobaki ni magamba na majivuno.

Meza ya magazeti

Jioni tukaenda Breaux Bridge, mji mdogo unaojiita makao makuu ya krofishi duniani. Kila mwaka mwezi Mei wana tamasha lao lililoanza 1960: muziki wa kodiani, dansi, mashindano ya kula. Hatukulikuta, lakini mlo tuliukuta.

Hakuna sahani. Wanatandika magazeti ya zamani mezani, halafu wanamwaga sufuria zima: kamba wekundu, mahindi, viazi, vitunguu saumu, vyote vimechemshwa na pilipili ya kukutoa machozi. Mimi mtu wa magazeti niliona uchungu kidogo, nikajifariji kwamba angalau yanatumika.

Ulaji wake una mafunzo. Unamkamata kichwa na mkia, unasokota, unavuta. Mkia unaumenya kama kamba wa kawaida. Kichwa wenyewe wanakinyonya. Mpwa wangu, mtoto aliyelelewa kwa ndizi na maziwa ya mgando pale Moshi, alinyonya vichwa kama mzaliwa wa kijijini hapo.

"Wewe, baba yako anajua?" nikamuuliza.

"Mjomba, usimwambie. Atasema nimeharibika."

Pale mezani mwenyeji wetu ndiye aliyeniuliza swali ambalo sikulitegemea. Shemeji yako mbegu ataitoa wapi? Nikamwambia Naivasha, kwamba kamba hao walishaletwa Afrika zamani. Akaacha kula. Akaniuliza: huko kwenu kuna kamba wa aina hii wa asili?

Sikujua. Baadaye nikasoma, na jibu ni hapana. Bara letu lote la Afrika halina krofishi wa asili hata mmoja. Wa karibu kabisa wako kisiwani Madagascar. Sisi mitoni mwetu tuna kaa.

Mzee akasema neno moja ambalo mpwa alilitafsiri taratibu. Kwamba yeye kamba wake akitoroka, anakwenda nyumbani. Mtaro ule, mto ule, kinamasi kile, vyote vilikuwa na kamba kabla babu yake hajazaliwa. Wanaomla wapo, wanaomzuia wapo. Yeye anafuga kitu cha pale pale, na hata akifanya uzembe mto haupati mgeni.

Nililala na neno hilo. Lile daftari langu lilikuwa na mikakati mitano ya kufuga kamba bila kuharibu shamba. Kumbe ulikuwepo wa sita uliotakiwa kuwa wa kwanza: mnyama awe wa hapo.

Naivasha, mkono ukiwa kwenye ndoo

Nilirudi kupitia Nairobi. Ahadi ni deni, nikapanda matatu mpaka Naivasha, kilomita 90 hivi, ukiteremka Bonde la Ufa.

Ziwa ni zuri, hilo halina ubishi. Viboko, mafunjo, tai wa samaki wanalia juu ya migunga. Lakini ziwa hili lina historia ya kuletewa wageni. Kamba wa Louisiana aliwekwa humo mwaka 1970, makusudi, ili wavuvi wapate kitu cha kuuza. Na kwa muda ilionekana kama akili kubwa: kuanzia mwaka 1975 wakawa wanavuliwa kibiashara, wanasafirishwa Ulaya, hela inaingia.

Halafu hesabu ikabadilika. Kamba hula mimea ya majini, na kingine hukikata tu na kukiacha kikielea. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mimea ya chini ya maji na yungiyungi wa buluu waliosifika ziwani hapo walikuwa wametoweka, na wataalamu wakamtaja kamba kuwa mshukiwa mkuu. Mimea ilipokwisha, kamba nao wakapungua, na biashara ikanywea. Mimea iliporudi, nao wakarudi. Wakawa wanapanda na kushuka hivyo, hakuna wa kuwafungia bomba. Ziwa halina lango kama bwawa la yule mzee. Wavuvi nao wakalalamika: samaki aliyenaswa wavuni anatafunwa kabla hajatolewa majini.

Nisiwe mnyimi wa haki. Kamba huyu ana wema wake. Anakula konokono wanaobeba kichocho, na watafiti nchini Kenya walimjaribu kwa kazi hiyo miaka ya 1990. Hata Ziwa Bunyonyi kule Uganda yupo, na watalii wanampenda kwenye sahani. Lakini kumla aliyekwisha kuwepo ni jambo moja, kumpeleka asikokuwepo ni jingine.

Pale ufukweni kijana mmoja akaniona nashangaa. Akaniuliza, mzee unataka nini? Nikamweleza. Akatoweka nyuma ya mitumbwi, akarudi na ndoo. Ndani mle kamba kama 40, wazima, wanapandiana, magando juu. Bei aliyoitaja ilikuwa ndogo kuliko soda mbili.

Msomaji, nisikudanganye. Nilishika mpini wa ndoo ile. Nikapiga picha ya kichwani: nafika Chekereni, shemeji anatoka mlangoni, dada anapiga vigelegele, mimi ni shujaa. Basi la Namanga lilikuwa saa chache mbele. Majani mabichi juu, kitambaa cha maji, nani ataangalia?

Halafu nikajiuliza: maji ya majaruba ya shemeji yakitoka yanakwenda wapi?

Nikamlipa kijana wa watu, nikamwomba anichemshie. Tukala naye na ugali pale pale. Ni watamu, ila pilipili ya Breaux Bridge haikuwepo.

Baraza la Chekereni

Shemeji aliniona nashuka na begi moja. Akatazama nyuma yangu kama ndoo inakuja kwa miguu yake.

"Iko wapi, shemeji?"

"Tukae kwanza, shemeji."

Tukakaa. Dada akaleta chai. Nikafungua daftari, nikamsomea yote, mpunga, mashimo, mabua, mashua, mitego. Macho yakamng'aa. Nilipofika kwenye matatizo akaanza kutazama pembeni.

Nikamwambia: shemeji, wale wenzetu wana baridi. Mpunga wao ukishavunwa, shamba linalala majira ya baridi. Kamba anakuja kujaza nafasi iliyo wazi. Wewe hapa huna baridi. Ukipata maji unalima mpunga mara mbili kwa mwaka. Kamba atakaa kwenye nafasi ya mpunga wako wa pili.

Kimya.

Nikamwambia: kamba wale wanahitaji maji kuanzia Oktoba mpaka Mei au Juni mfululizo. Wewe maji unapata kwa zamu, na juzi juzi hapa mligombana na wa juu kwa sababu ya zamu hiyo hiyo.

Akakohoa.

Nikamwambia: anachimba. Matuta yao ni mapana, yamejengwa kwa mashine. Yako ni ya jembe. Kule Hispania waliletewa kamba hawa mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakaingia mashamba ya mpunga ya kusini, wakatoboa matuta na mifereji. Na Zambia, mwanzoni mwa miaka ya 2000, jamii nyingine kutoka Australia ililetwa kwa ufugaji, ikatoroka, leo iko Mto Kafue na ziwa la Kariba, inatafuna samaki nyavuni.

"Mimi nitajenga ukuta," akasema.

"Sawa. Maji ya jaruba lako yakitoka, shemeji, yanaelekea wapi?"

Hakunijibu mara moja. Yeye ndiye mwenyeji, anajua kuliko mimi. Akakoroga chai iliyokwisha kukorogwa.

"Si yanashuka... Nyumba ya Mungu."

"Na baada ya hapo?"

"Pangani."

Dada akadakia kutoka jikoni: "Kwa hiyo perege wangu wa kila jumamosi ndio waliwe na hao wadudu wenu?"

Hapo baraza likafungwa, maana dada akishazungumza mambo ya perege hakuna rufaa.

Lakini sikwenda kumkatisha tamaa tu. Nilimwambia alichokuja nacho kutoka Louisiana akichukue, amwache mnyama tu. Asichome mabua. Afikirie jaruba kama nyumba ya viumbe wawili. Aweke perege na kambale, samaki wa kwetu, achimbe mfereji wa kina pembeni ya jaruba, samaki wajifiche humo maji yakipungua au wakati wa kuvuna. Aanze na jaruba moja, asiwajaze kama abiria wa daladala. Asinyunyizie dawa bila kujua inaua nini. Na vifaranga avinunue kwa wafugaji wanaojulikana, karibu, siyo ndoo ya mtu ufukweni.

Akasema atafikiri. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeambiwa harusi imeahirishwa.

Miezi imepita. Mara ya mwisho nilipopita, nilikuta jaruba moja la pembeni limechimbwa mfereji, na ndani ya maji kuna kitu kinatikisika. Sikuuliza, naye hakusema. Ila kiinua mgongo najua hakijaguswa chote, maana dada ndiye aliyenidokeza.

Mpwa alipiga simu kutoka Houston wiki hiyo hiyo. Baba yake akamuuliza kwa ukali: hivi ni kweli ulinyonya kichwa cha yule mdudu?

Sijui nani alimwambia. Mimi simo!

Tuonane wiki ijayo, panapo majaliwa.